Moto ulioulipia uingie sufuriani: namna ya kuchagua jiko na hita ya maji kwa nyumba ya Unguja na Pemba

Joto la chumbani huku kwetu hatulinunui; tunalipia feni ili tulikimbie. Hata kipupwe kikaze mwezi wa saba na upepo wa kusi uvume usiku kucha, shuka la pili linatosha. Joto tunalolinunua linakwenda kwenye sufuria na kwenye maji ya kuoga, na ukijumlisha makaa, gesi na umeme wa mwezi mzima utaona kuwa si fedha ndogo hata kidogo. Hapa nitaeleza namna ya kuchagua vyombo vya kutoa joto hilo, hatua kwa hatua, kwa nyumba ya kawaida ya visiwani.

Kazi yangu ni umeme wa majumbani, na kosa ninalolikuta zaidi nimewahi kulifanya mwenyewe. Bi Mkubwa wangu anaishi Wete, na kila kipupwe magoti humsumbua. Nikamnunulia hita ya tangi la lita 80, nikamfungia, nikarudi Unguja nimeridhika. Mwezi haujaisha akanipigia simu: umeme aliozoea kuutumia mwezi mzima sasa unamalizika katikati ya mwezi. Yeye anaoga kwa ndoo, moja asubuhi na moja jioni. Hita ilikuwa ikipasha lita 80 kwa ajili ya mtu anayetumia lita thelathini, na maji yaliyobaki yakipoa tangini, inawaka tena kuyarudishia joto, mchana na usiku. Chombo kilikuwa kizima na cha kampuni nzuri. Mimi ndiye sikuuliza anatumia maji kiasi gani. Tangu hapo siendi dukani kabla ya kushika daftari.

Hatua ya 1: Pima moto wako wa wiki moja

Chagua wiki ya kawaida, isiyo na shughuli wala wageni. Kama unatumia makaa, pima kwa mizani siku ya kwanza na siku ya mwisho. Usihesabu makopo wala usiseme "polo linanikaa wiki mbili", kwa sababu polo, yaani gunia, halina kipimo kimoja, na makaa yaliyonyeshewa unanunua pamoja na maji yake. Mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki inafanya kazi vizuri. Mtungi wa gesi nao upime vilevile: uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye shingo yake, kwa hiyo ukiutoa unapata gesi iliyobaki. Umeme ndio rahisi kuliko vyote, soma tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kila asubuhi saa ile ile na uandike.

Pembeni ya kila siku andika moto ulifanya kazi gani: chai, maharage, wali, samaki wa kukaanga, supu, chapati, maji ya kuoga ya watoto, maji ya mgonjwa. Nakuomba usiiruke sehemu hii. Nyumba nyingi nilizozipima zilidhani zinatumia moto mwingi kwenye vyakula vya kila siku, kumbe unakwenda kwenye vitu vichache vinavyokaa jikoni saa mbili au tatu: maharage, pweza, makongoro, na sufuria kubwa ya maji ambayo haitoki jikoni tangu alasiri. Ukivijua hivyo, umeshajua pa kuanzia kununua.

Hatua ya 2: Hesabu moto unaofika, usihesabu moto unaowaka

Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6 za joto. Kilo moja ya makaa makavu ina takriban megajuli 29, yaani kama uniti 8. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina takriban megajuli 46, sawa na uniti 12.8 hivi. Lakini hizo ni za kuwaka. Swali ni ngapi zinaingia kwenye sufuria na ngapi zinapasha ukuta, miguu yako na hewa ya uani.

Seredani, yaani jiko la makaa, ya bati tupu, ile isiyo na udongo ndani, inaingiza sufuriani kama sehemu 20 katika 100. Seredani iliyojengewa udongo vizuri inafika 30 hadi 40. Jiko la gesi ni baina ya 50 na 60. Sahani ya umeme ya koili ni kama 70. Jiko la indaksheni, linalopasha kitako cha sufuria chenyewe kwa nguvu ya sumaku, ni kama 85. Presha ya umeme, yaani chungu cha umeme kinachopika kwa mvuke uliofungiwa ndani, iko juu pia, na ina faida nyingine nitakayoieleza.

Kwa hiyo kilo moja ya makaa kwenye seredani ya bati inakupa uniti 1.6 za joto la kweli, na kwenye seredani nzuri ya udongo uniti 2.8. Kilo moja ya gesi inakupa uniti kama 7. Uniti moja ya umeme inakupa 0.7 kwenye koili na 0.85 kwenye indaksheni.

Sasa chukua bei za hapo kwenu leo. Bei ya kilo ya makaa igawe kwa 1.6 au 2.8, kufuatana na seredani yako. Bei ya kilo ya gesi igawe kwa 7. Bei ya uniti igawe kwa 0.7 au 0.85, na bei ya uniti uipate kwa kugawa pesa yote uliyolipa kwa uniti ulizopata kweli, usitegemee bei ya kuambiwa. Jibu dogo ndilo moto rahisi kwako. Sikuandikii bei hapa makusudi, kwa sababu bei ya makaa ya Konde si ya Mwanakwerekwe, na bei ya gesi ya mwezi huu si ya mwezi ujao. Hesabu yenyewe haibadiliki.

Itazame kwa mtungi wa kilo 15. Unakupa uniti kama 105 za joto la sufuriani. Ili upate joto hilo hilo kwa seredani ya bati unahitaji kilo 66 hivi za makaa. Kwa seredani ya udongo, kilo 37 na nusu. Kwa indaksheni, uniti 124 hivi za tukuza. Mtu akisema gesi ni ghali, muulize analinganisha na kilo ngapi za makaa. Aghalabu hajawahi kupima.

Kama huniamini, au una seredani usiyoijua uwezo wake, fanya jaribio hili. Tia lita 2 za maji kwenye sufuria yenye kifuniko, pima makaa, washa, chemsha mpaka yatokote, kisha zima makaa kwa kuyafunika mkebeni na upime yaliyobaki. Fanya kwa seredani mbili, sufuria ile ile, makaa ya gunia moja. Kuchemsha lita 2 kutoka joto la bomba letu kunahitaji uniti 0.17 tu za joto. Utashangaa makaa mangapi yanaliwa na seredani iliyotoboka kwa kazi ndogo kama hiyo.

Hatua ya 3: Mpe kila chakula moto wake

Hakuna jiko moja linalofaa kwa chakula chetu chote, na nyumba inayolazimisha kila kitu kwenye jiko moja hupoteza.

Kwa maharage, kunde, choroko, pweza, makongoro, nyama ngumu na bokoboko, ushauri wangu hauna shaka: presha ya umeme. Ndani yake maji yanachemka kwenye joto la nyuzi 115 hadi 120 badala ya 100, kwa hiyo muda unakatika zaidi ya nusu. Na chungu chake kimo ndani ya gamba linalozuia joto, kwa hiyo ikishapanda presha, umeme unawaka na kuzima kidogo kidogo tu. Maharage ya familia huiva kwa takriban nusu uniti au chini yake. Weka hiyo pembeni ya makaa unayoyatia na kuongeza mara mbili au tatu kwa sufuria hiyo hiyo, na utaona kwa nini nasema hiki ndicho chombo cha kwanza kununua kwa nyumba yenye tukuza. Lita 6 zinatosha watu sita hadi wanane. Kabla ya kulipa, muulize mwenye duka kama anauza mpira wa mfuniko peke yake, kwa kuwa ndio unaochakaa mwanzo. Presha isiyopatikana mpira wake ina maisha mafupi.

Chapati, maandazi, samaki wa kukaanga, chai ya haraka na mchuzi wa tui vinataka gesi. Tui linataka moto unaoweza kuushusha mara moja kabla halijakatika, na gesi inakutii. Ukipenda indaksheni, nayo inashuka upesi, ila chukua kipande cha sumaku nyumbani ukajaribu sufuria zako. Sumaku isiponata kitakoni, sufuria hiyo haitopata moto. Sufuria zetu nyingi ni za alumini na hazinati. Hesabu bei ya sufuria mpya pamoja na bei ya jiko, au acha.

Kisha kuna wali wa kupalia na mkate wa kumimina. Hivi vinataka makaa juu ya kifuniko, na mimi simwambii mtu aache wali wa mama yake kwa ajili ya hesabu. Bakisha seredani, lakini iwe moja, iwe nzuri, na iwe ya kazi hiyo.

Jaribu mpango wako kwa siku ngumu kuliko zote, alasiri ya Ramadhani. Uji, muhogo wa nazi, tambi, kaimati, samaki, na labda bokoboko, vyote vinatakiwa mezani kwa adhana moja. Ukiwa na presha ya umeme iliyoanza mapema, gesi ya vichwa viwili vya moto na seredani moja, unapita. Usinunue kwa kufikiria pilau la harusi. Siku ya harusi majungu yanaazimwa na kuni zinaletwa. Jiko lako halihusiki.

Hatua ya 4: Kagua umeme wa nyumba kabla ya kuupa mzigo

Soketi zetu za pini tatu za mraba ni za ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni wati 2,990, na hapo ndipo mwisho. Presha ya wati 1,000 na birika la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja tayari vimefika ukingoni. Ongeza pasi na plagi itaanza kuyeyuka. Nimezitoa ukutani plagi nyingi zilizoungua kwa namna hii. Kila chombo cha joto kichomekwe soketi yake ukutani. Shika plagi baada ya dakika kumi: ikiwa ya moto, soketi imelegea, iitie fundi kabla ya kupika tena.

Uliza kama nyumba ina waya wa ardhini unaofanya kazi kweli, si tundu la tatu lililoachwa tupu nyuma ya soketi. Uliza pia kama ubao wa umeme una kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Kwa jikoni na bafuni hiki si cha anasa. Ndicho kinachomwokoa mtoto.

Umeme ukishuka jioni, usidhani chombo kimeharibika. Hita ya wati 2,000 iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipata volti 200, inatoa wati 1,500 tu. Inachelewa, haijafa.

Na usitegemee umeme peke yake, hata kama hesabu yake ndiyo rahisi. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Waliokuwepo wanakumbuka mwaka 2008 tulipokaa gizani kama mwezi mzima, kisha tukakaa tena tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja 2013, na Pemba imeunganishwa na Tanga tangu 2010. Hali ni nzuri kuliko zamani, lakini nyumba yenye mtungi wa gesi pembeni haishindi njaa siku waya ukipata hitilafu.

Hatua ya 5: Gesi, nini cha kuangalia

Jiko la vichwa viwili linatosha nyumba nyingi. Linyanyue: lililo zito lina vichwa vya shaba au chuma cha kumimina, na hivyo hudumu kwenye chumvi yetu, vichwa vyepesi vya bati hupinda na matundu huziba. Moto uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi, gesi inapotea na sufuria inachafuka. Safisha matundu, au rekebisha upenyo wa hewa ulio chini.

Riguleta iwe ya aina ya valvu ya mtungi wako, ikae bila kulazimishwa. Mpira uwe wa gesi, wenye maandishi na mwaka uliopigwa chapa ubavuni, na uubadilishe ukianza kukakamaa au kupasuka pasuka. Mpira wa maji hautumiki, hata kwa siku moja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini kama maji, kwa hiyo mtungi ukae wima, penye upenyo wa chini, uani au dirishani, usiwe kwenye kabati lililofungwa. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye viungo. Likitoa mapovu, kaza na upake tena. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua milango, na usiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima.

Kwa walio Tumbatu, Kojani au Fundo, ambao mtungi unapanda mashua, mitungi miwili ya kilo 6 ni bora kuliko mmoja wa kilo 15: mmoja unatumika, mmoja uko safarini.

Hatua ya 6: Seredani nzuri

Angalia vitu vitatu. Udongo wa ndani uwe mnene kama vidole viwili, usiwe na ufa, na ukiugonga utoe sauti kavu. Mlango wa majivu ufunge vizuri, maana huo ndio ufunguo wa kupunguza moto. Seredani isiyo na mlango inawaka kama inavyotaka yenyewe. Na sufuria ikae karibu na makaa, nafasi ya kidole kimoja au viwili. Ikipandishwa juu sana, moto unatoka pembeni. Mpya uiwashie moto mdogo siku mbili za kwanza ili udongo ukauke taratibu, la sivyo utapasuka.

Vifuu vya nazi vikavu ni moto mzuri wa kuanzia na hupunguza makaa. Makumbi hutoa moshi mwingi, yaache kwa jiko la nje. Moshi si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kama jiko lako la kuni liko ndani ya banda, toboa upenyo juu ya ukuta pande mbili kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kazi ya siku moja, nayo inaanza kumsaidia mpishi siku hiyo hiyo.

Chumba cha mzazi

Nilisema joto la chumbani hatulinunui. Lipo moja, na nataka nilizungumze wazi. Mzazi, yaani mama aliyejifungua, akiwa ndani ya arobaini huwekewa seredani ya makaa chumbani au chini ya kitanda, mlango umefungwa ili asipigwe na upepo. Makaa yanayowaka taratibu hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na udi hauiondoi. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hulala, na mama na mtoto wanaweza wasiamke.

Wazee wetu wana haki kutaka mzazi apate joto. Lipateni kwa njia nyingine: maji moto ya kumkanda, chupa ya maji moto iliyofungwa nguo, shuka zito, dirisha lenye pazia. Kufukiza kufanyike mlango ukiwa wazi, na seredani itoke nje kabla ya mtu kulala. Mama wakubwa niliowaeleza hivi kwa upole, na kwa heshima yao, hawakukataa hata mmoja.

Kukanda kunataka maji mengi. Ndoo ya lita 20 ya maji ya nyuzi 50, kutoka maji ya bomba ya nyuzi 27, inahitaji uniti 0.54. Birika la umeme likijazwa mara nne au tano na kuchanganywa na maji ya baridi linaifanya kazi hiyo, bila makaa na bila moshi.

Hatua ya 7: Maji ya kuoga

Anza na hesabu tena. Ndoo ya lita 15 kutoka nyuzi 26 hadi 38 ni uniti 0.21. Shawa ya dakika nane inayotoa lita 6 kwa dakika ni lita 48, uniti 0.67. Yaani mtu mmoja wa shawa ni watu watatu wa ndoo. Kabla ya kununua hita kubwa, nunua kichwa cha shawa kinachotoa maji kidogo.

Pili, angalia juu ya paa. Tangi jeusi lililopigwa na jua tangu asubuhi lina maji ya uvuguvugu ifikapo alasiri. Familia ikioga saa kumi na moja badala ya saa tatu usiku, kwa miezi mingi ya mwaka haihitaji kitu kingine. Wanaolalamika ni wanaooga alfajiri.

Kwa watu wawili au watatu, tangi dogo la umeme la lita 15 hadi 30, lenye swichi yake nje ya bafu, liwashwe kabla ya kuoga na lizimwe baadaye. Tangi kubwa linaloachwa likiwaka siku nzima linaweza kupoteza uniti moja au zaidi kila siku bila mtu kuoga.

Hita ya papo hapo, ile inayofungwa kwenye shawa, haina hasara hiyo, ila inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Ya wati 4,500 inavuta ampea 20 hivi. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye ubao, wa milimita 4 za mraba au zaidi, na breka yake. Fundi akikwambia ataiunga kwenye soketi ya jirani, mshukuru na utafute mwingine. Sipendi pia chuma cha kuchemshia cha kutumbukiza ndooni. Mtu huingiza mkono kujaribu maji kabla hajachomoa. Kama huna njia nyingine, ndoo iwe ya plastiki, watoto wawe mbali, na plagi itoke ukutani kwanza.

Kwa familia kubwa, na kwa wenye nyumba za wageni Paje, Jambiani au Nungwi, hita ya jua ndiyo jibu. Lita 150 hutosha watu watano au sita. Visiwa vyetu viko nyuzi 5 hadi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini, ambako ndiko kibla chetu; fundi yeyote wa hapa hawezi kuukosea upande huo. Inamishwe kama nyuzi 15. Mwezi wa sita na wa saba jua la adhuhuri liko upande huo, na huo ndio msimu ambao watu wanataka maji ya moto.

Maji yetu ya visima yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Chemsha birika wiki mbili na utaiona imeganda chini. Chokaa hiyo hukaa kwenye koili ya hita na kwenye mirija ya kioo ya jua, joto halipiti, na koili huungua. Chagua tangi linalofunguka kwa kusafishwa, uliza fimbo ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu badala ya tangi, iko wapi na inabadilishwaje, na uikague kila mwaka. Birika lisafishwe kwa siki au ndimu. Karibu na ufuo, ambako maji yana chumvi, usidanganywe na neno "chuma kisichoshika kutu". Chumvi hukitoboa hicho pia, isipokuwa aina yake iwe nzuri. Vishikio na bolti za paani viwe vya alumini au vya chuma cha namba 316.

Uzito nao. Lita 150 ni kilo 150 za maji peke yake, mbali na tangi. Paa la bati lenye mbao nyembamba haliwezi bila kuongezwa mbao chini. Mji Mkongwe ukuta ni wa mawe na chokaa, bolti za kawaida hung'oka na udongo wake. Hata tangi la lita 30 likijaa linazidi kilo 40. Huko lisimamishe sakafuni au kwenye fremu inayokaa chini. Na kwa kuwa mji ule umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, usipandishe paneli paani bila kuuliza kwanza mamlaka ya uhifadhi.

Hatua ya 8: Dukani

Geuza chombo usome kibati. Volti ziwe 220 hadi 240. Vyombo vilivyotumika vinavyoingia kutoka Japani ni vya volti 100, na ukikichomeka hapa kinaungua papo hapo. Vingi huuzwa kwa bei nzuri Darajani na mitaani, na muuzaji mwenyewe pengine hajui. Soma wati, lita, na kama kuna karatasi ya dhamana yenye muhuri wa duka. Kiwashwe mbele yako. Uliza vipuri viko wapi, na kama jibu ni Dar es Salaam, hesabu nauli.

Kama mfuko hauruhusu vyote kwa pamoja, mpangilio wangu kwa nyumba yenye umeme ni presha kwanza, seredani ya udongo pili kwa kuwa bei yake ni ndogo na inarudi upesi, gesi tatu, maji ya kuoga mwisho. Nyumba isiyo na umeme ianze na seredani, kisha mtungi wa kilo 6.

Hatua ya 9: Pima tena

Mwezi mmoja baada ya kununua, rudia wiki ya daftari. Makaa yamepungua kilo ngapi? Tukuza imepanda uniti ngapi? Ikiwa presha imenunuliwa na makaa hayajapungua, kaa jikoni na mpishi umuulize. Mara nyingi anaiogopa sauti ya mvuke, na anahitaji mtu wa kupika naye maharage mara mbili tatu.

Bi Mkubwa nilimtolea lile tangi la lita 80, sasa liko kwa kaka yangu mwenye watoto saba. Nikamfungia la lita 15, wati 1,500, na swichi yenye taa nyekundu nje ya mlango wa bafu. Huiwasha akienda kutawadha kwa sala ya alfajiri. Kwa dakika 24 hivi maji yanafika nyuzi 60, na akisali na kumaliza nyiradi zake yako tayari. Lita 15 hizo akizichanganya na baridi zinampa lita 36 za kuogea, kwa uniti 0.6. Daftari lake liko juu ya friji. Anaandika mwenyewe, na nikichelewa kwenda Wete ananisomea tarakimu kwa simu.